Homa ya ini B, jua na vitamini D: jibu kwa wanaoniuliza

Safari hii nimeomba nafasi niandike juu ya homa ya ini aina ya B, na hasa juu ya neno moja linalozunguka sana siku hizi, eti mtu asiye na vitamini D ya kutosha, dawa ya homa ya ini haimfanyii kazi. Nimeulizwa na watu watatu tangu Pasaka, na mmoja wao karibu auze mali ya nyumba kwa ajili ya neno hilo.

Naandika kwa sababu ugonjwa huo ninao mimi mwenyewe. Nilijulikana ninao kwenye upimaji ule mkubwa wa mwaka 2019, wakati walipopima kambi zote sita, Kiziba, Nyabiheke, Kigeme, Mugombwa, Mahama na Gihembe, ambayo wakati huo ilikuwa haijafungwa bado. Watu zaidi ya elfu ishirini walitoa damu, na karibu wanne katika kila mia walikutwa na virusi vya B. Hesabuni nyumba za mtaa wenu mtaona kwamba hakuna anayeishi mbali na mtu wa namna yangu. Mwaka uliofuata nilianzishiwa tenofovir, kidonge kimoja kila jioni, na naendelea nayo mpaka leo. Jina langu sikuliweka chini ya makala hii. Mkifika mbele mtaelewa kwa nini.

Mwaka jana shemeji yangu, au shemeki kama tunavyosema watu wa Kivu, alikuja Kigali akiwa na karatasi ya transfa. Alitumwa kufanyiwa ekografi ya ini. Alishuka Nyabugogo jioni, akalala kwetu, na baada ya kula akatoa karatasi mbili mfukoni mwa koti. Ya kwanza ilikuwa ya wingi wa virusi kwenye damu. Miezi kumi na nane ameandikiwa tenofovir, na virusi vilikuwa bado elfu kadhaa. Ya pili ilikuwa ya labo moja ya mjini, aliyolipa mwenyewe safari iliyotangulia: vitamini D, 16, na pembeni pameandikwa kwamba iko chini.

«Shemeki,» akaniambia, «dawa yote ile ilipita bure. Mwili hauna vitamini. Wameniambia nipate sindano sita za vitamini D kwanza, ndipo kile kinini kitashika. Sasa nataka nikiache kwanza, nipige sindano, halafu nianze upya.»

Nikamwuliza pesa ya sindano sita itatoka wapi. Akasema atauza mashini ya kushona ya mdogo wangu. Mashini ile ndiyo inayolisha watoto wao tangu pesa ya chakula ilipopunguzwa.

Sikumcheka, na ninyi msimcheke. Neno lile halikutoka hewani, lina mizizi, tena mizizi yenyewe ni zaidi ya mmoja.

Wa kwanza uko kwenye lugha. Kwa Kinyarwanda, umwijima ni ini, na umwijima ni giza pia. Ni sauti tu inayotofautisha. Sasa mtu anayesikia kila siku kwamba ana ugonjwa wa umwijima, halafu akaambiwa kuna vitamini inayotoka kwenye jua, moyo wake unaruka wenyewe. Ugonjwa wa giza utashindwa na nini kama si mwanga? Nimesikia mzee mmoja akilisema hilo kwenye foleni ya hospitali, na nusu ya foleni ikakubali.

Wa pili ni hepatiti C. Mnakumbuka kwamba mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018 serikali ya Rwanda ilitangaza mpango wa kuitokomeza hepatiti C, na watu wengi wakapimwa na kutibiwa. Waliokutwa na C walimeza vidonge miezi mitatu, wakapimwa tena, wengi wao wakaambiwa wamepona. Siye wa B tuliwaona majirani zetu wakirudi wakicheka, na siye tukaambiwa endeleeni kumeza. Hapo ndipo watu walipoanza kutafuta kile kinachokosekana kwetu. Na kweli zamani hadithi ya vitamini D ilipata nguvu upande wa C. Mwaka 2011 madaktari wa Israeli walitoa habari za wagonjwa 72 wa C waliokuwa wakitibiwa kwa njia ya zamani, yaani sindano za intaferoni pamoja na vidonge vya ribavirini. Wale walioongezewa vitamini D walipona kwa wingi zaidi sana kuliko wenzao. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Lakini tafiti zilizofuata hazikukubaliana nayo zote, kisha vikaja vidonge vipya vya C vinavyoponya karibu kila mtu bila sindano na bila vitamini, na swali lenyewe likakosa maana. Hepatiti B ni kirusi kingine kabisa. Zinafanana jina tu, kwa sababu zote mbili zinakaa kwenye ini.

Wa tatu ni ndugu zetu waliopelekwa Ulaya na Marekani. Wao wanapigiwa simu na madaktari wao kila baridi inapoingia: meza vitamini D. Wanatuma ujumbe huku, nasi tunadhani ni dawa ya ugonjwa. Kumbe ni kwa sababu kule miezi mingi jua linapita chini sana, na watu wamejifunika mpaka pua.

Sasa tuje kwenye vitamini yenyewe, maana hapa ndipo jambo linapokuwa zuri, na shemeji alisikiliza mpaka chai ikapoa.

Vitamini D si kama vitamini nyingine zinazotoka kwenye chakula. Sehemu kubwa mwili unaitengeneza wenyewe. Mwanga wa jua ukipiga ngozi, ngozi inafanya kitu cha kwanza, ambacho bado hakijawa na kazi. Kitu hicho kinasafiri kwenye damu mpaka kwenye ini, na ini linakigeuza kuwa kitu cha pili. Hicho cha pili ndicho kinachopimwa labo wakikutoa damu. Halafu kinaenda kwenye figo, na figo zinakigeuza mara ya mwisho kuwa vitamini inayofanya kazi, yaani inayosaidia mwili kuchukua kalsiamu kutoka kwenye chakula na kuipeleka kwenye mifupa. Ngozi, ini, figo. Ni vituo vitatu, kama barabara ya kutoka kambini kuja mjini, ukikwama kituo cha katikati hufiki.

Umeona kituo cha katikati ni kipi? Ni ini. Ile namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya shemeji imetengenezwa na ini lake. Basi mtu ambaye ini lake limeumwa muda mrefu anaweza kuwa na namba ya chini hata kama anakaa juani kila siku. Mwaka 2013 madaktari wa Frankfurt, Ujerumani, walitangaza matokeo ya watu 203 wenye hepatiti B ya muda mrefu ambao hawakuwa wameanza dawa. Katika kila mia, ni 19 tu waliofikia 20 au zaidi. Wengine wote walikuwa chini, na 34 katika kila mia walikuwa chini hata ya 10. Tena waliona kwamba mwenye vitamini ndogo ndiye mwenye virusi vingi, na kwamba misimu inafuatana kinyume: kiangazi kikija vitamini inapanda na virusi vinashuka, baridi ikija inakuwa kinyume chake.

Ukisoma hapo na kufunga karatasi, utakwenda kununua sindano kama shemeji. Lakini usifunge. Kukuta vitu viwili pamoja si kujua kipi kimezaa kipi. Asubuhi jogoo anawika na jua linachomoza, na hakuna anayesema jogoo ndiye aliyelivuta jua. Inawezekana vitamini ikiwa ndogo kinga ya mwili inalegea na virusi vinazaana. Inawezekana pia virusi vikizaana ini linachoka na vitamini inapungua. Inawezekana mgonjwa anakaa ndani kwa uchovu na huzuni, jua halimpati. Utafiti ule ulipima watu, haukuwapa vitamini kuona kama virusi vitashuka.

Swali la shemeji lilikuwa jingine: je, mwenye vitamini ndogo dawa inamkataa? Kwa upande wa intaferoni, ile sindano ya kila wiki inayoamsha kinga ya mwili, watafiti wamejibu kila mmoja lake, huyu kaona faida, yule hakuona. Lakini huku kwetu wengi hatupewi intaferoni, tunapewa tenofovir. Na juu ya tenofovir kuna jibu. Mwaka 2015 ilitoka ripoti ya wagonjwa wa nchi mbalimbali waliopimwa vitamini D kabla ya kuanza tiba katika majaribio ya dawa hiyo. Wengi walikuwa chini, kama shemeji. Walipofuatiliwa, namba ya vitamini waliyoanza nayo haikubadilisha matokeo ya matibabu. Na mwezi wa tatu mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo mpya wa hepatiti B, ambao umefungua mlango watu wengi zaidi waanzishiwe dawa, mambo ya kuangalia yalikuwa wingi wa virusi, kipimo cha ini kinachoitwa ALT, makovu ya ini, magonjwa mengine kama Ukimwi, na historia ya saratani ya ini katika familia. Vitamini D haikuwa sharti.

Kwa nini tenofovir isijali vitamini? Nilimweleza shemeji kwa mfano wa fotokopi, maana siye wakimbizi fotokopi tunaijua kuliko watu wote. Kila ofisi unayokwenda, lete fotokopi. Kirusi cha B kikiingia kwenye chembe ya ini, kinaficha karatasi yake halisi ndani kabisa, kwenye kabati ya chembe. Kutoka karatasi hiyo kinatoa nakala maelfu kwa maelfu, na nakala hizo ndizo zinazokwenda kushambulia chembe nyingine. Tenofovir inakwamisha mashini ya fotokopi. Inaingia pale pale kwenye kazi ya kunakili na kuiziba. Haihitaji jua wala vitamini kufanya hivyo, inahitaji tu iwemo kwenye damu kila siku. Lakini kabati haifungui. Karatasi halisi inabaki. Ndiyo maana hatuponi kama wale wa C, na ndiyo maana ukiacha kumeza, mashini inaanza tena kutoa nakala, na mara nyingine inatoa kwa fujo kuliko mwanzo. Kinga ya mwili inashtuka, inashambulia ini lenyewe, macho yanageuka njano, na wapo ambao ini limeshindwa kabisa kwa kuacha dawa ghafla bila munganga kujua. Hicho ndicho shemeji alichotaka kufanya «kwanza».

Basi nikamwuliza swali ambalo mtu wa farmasi hakumwuliza: «Shemeki, unakimeza kila siku?»

Akanyamaza. Mume wangu akatoka nje kidogo, akijifanya anaangalia mvua. Shemeji akasema kwamba vidonge anavificha kwenye mfuko wa unga, chini, kwa sababu mdogo wangu hajui. Miaka miwili nzima hakumwambia mkewe. Akiwa peke yake nyumbani anameza. Wageni wakiwepo, au mke akiwa jikoni siku nzima, hamezi. Akienda kulima kwa watu siku tatu, vidonge vinabaki kwenye unga. Alihesabu na vidole, akakuta kwa mwezi anameza labda nusu.

Hapo mimi nikaona ile 16 si kitu. Virusi vilikuwa bado elfu kadhaa kwa sababu ya mfuko wa unga. Kirusi cha B kushindana na tenofovir mpaka kuizoea ni jambo la nadra sana, ndiyo maana munganga akiona virusi havishuki, kitu cha kwanza anachouliza ni umezaji. Lakini anauliza haraka, foleni ni ndefu, na mtu aliyekaa mbele yake na mkewe hajui atajibu tu ndiyo, nameza.

Nataka nikae kidogo hapa, maana najua nyumba nyingi zina mfuko wa unga wa namna hiyo. Watu wanaogopa kwa sababu wanaamini hepatiti B inaambukizwa kwa sahani, kwa kikombe, kwa kukumbatiana. Hapana. Inapita kwenye damu na kwenye tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Inapita kwenye wembe uliotumiwa na watu wawili, na kwenye kuchanjwa kwa waganga wa kienyeji kwa wembe mmoja watu kumi. Mtakula sahani moja, mtanyonyesha, mtalala kwenye mkeka mmoja na watoto. Na wengi wetu hatukuipata kwa uzinzi. Mtoto mchanga akiambukizwa, tisa katika kila kumi inabaki naye maisha yote, lakini mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi sana mwili unaifukuza wenyewe. Kwa hiyo mtu mzima aliyekutwa nayo ya muda mrefu, mara nyingi aliipata utotoni. Shemeji alikuwa anaona haya kwa kitu ambacho labda alizaliwa nacho.

Watoto wake nilikuwa sina wasiwasi nao sana. Wamezaliwa hapa, na Rwanda iliingiza chanjo ya hepatiti B kwenye chanjo za watoto wote mwaka 2002. Kadi zao zote zimejaa. Mwenye hatari alikuwa mdogo wangu, aliyezaliwa Masisi kabla ya chanjo hiyo, na anayelala na mtu mwenye virusi elfu kadhaa bila kujua.

Sasa, je, namkataza mtu vitamini D? La. Namkataza kuiita dawa ya homa ya ini, na namkataza kuuza mashini kwa ajili yake. Vitamini D ina kazi yake kwenye mifupa, na siye tunaomeza tenofovir mifupa inatuhusu. Dawa hii kwa baadhi ya watu inapunguza kidogo uzito wa mifupa, na inaweza kusumbua figo, ndiyo maana wanatupima kreatinini mara kwa mara. Msiikose siku hiyo ya kipimo. Mtu mwenye maumivu ya mifupa yasiyoisha, mwenye ini lililokwisha kuwa na makovu mengi, mwenye ugonjwa wa figo, au mtoto ambaye miguu inapinda anapoanza kutembea, huyo munganga anaweza kumwandikia kipimo cha vitamini D na akampa vitamini yenyewe. Hiyo ni haki. Tena kuhusu zile namba: labo nyingine zinaandika «chini» kwa kila mtu aliye chini ya 30, wakati wataalamu wengi wanaona 20 inatosha kwa mifupa. Watu wengi wazima wenye afya wakipimwa leo watapewa karatasi inayowatisha.

Sindano zenyewe si maji. Vitamini D inakaa kwenye mafuta ya mwili muda mrefu, na ukipigwa nyingi kwa mfululizo kalsiamu inapanda kwenye damu, unapata kiu, kutapika, kufunga choo, na figo zinaumia. Mtu ambaye figo zake tayari zinachungwa kwa ajili ya tenofovir ndiye wa mwisho kucheza na mchezo huo.

Na jua je? Kigali iko digrii mbili tu kusini mwa ikweta, tena juu milimani, zaidi ya mita 1,500. Jua letu ni kali mwaka mzima, hakuna baridi ya Frankfurt hapa. Anayechota maji, anayelima, anayeuza ndizi barabarani, huyo analipata bila kulipa. Lakini sitadanganya kwamba wote tunalipata. Wazamu wa usiku wanaolala mchana, kina mama wanaoshona au kufua ndani ya nyua zenye giza, wagonjwa wa kitandani, waliojifunika toka kichwa mpaka vidole, hao linawakosa. Ngozi nyeusi nayo inachukua muda mrefu kuliko nyeupe kutengeneza vitamini ile ile. Kuna kipimo rahisi: ukisimama nje na kivuli chako ni kifupi kuliko wewe, jua hilo linatengeneza vitamini. Kivuli kikiwa kirefu, kama saa kumi na mbili asubuhi, unapata joto tu. Na jua la nyuma ya kioo cha dirisha au cha basi halisaidii, kwa sababu kioo kinazuia mwanga unaohitajika. Mikono na miguu ikiwa wazi, muda mfupi kila siku, ukifanya kazi zako, basi. Hakuna haja ya kukaa juani mpaka kichwa kiume. Ndugu zetu wenye ualbino wasijaribu hata kidogo, jua kwao ni hatari ya saratani ya ngozi, wao vitamini wataipata kwa chakula au kwa munganga. Chakula chenyewe ni samaki wenye mafuta na kiini cha yai. Sambaza tunaowala na mifupa yao wanatupa kalsiamu, na bei yao bado si ngumu kama ya nyama.

Kama mtu ana pesa kidogo ya kutunza ini, mimi ningemwambia aangalie kwanza karanga na mahindi. Yakiota ukungu, kuna sumu humo inayoitwa aflatoksini, na kwa mtu mwenye hepatiti B sumu hiyo inazidisha sana hatari ya saratani ya ini. Ukungu haupikiki. Kutupa kilo moja ya unga kunauma, najua, lakini tupa. Na kanyanga, sitasema mengi, wanaokunywa wanajua.

Turudi kwa shemeji. Ekografi yake ilitoka vizuri, ini halikuwa na uvimbe. Siku ya tatu nikampeleka Nyabugogo, na kabla basi halijaondoka nikampa maneno mawili tu: atamwambia mdogo wangu yeye mwenyewe, au nitamwambia mimi. Hilo la pili lilikuwa la kumtisha, maana siri ya mgonjwa si yangu kuitoa. Wiki nzima sikusikia kitu. Nilikuwa silali vizuri, kwa sababu ndoa nyingine zimevunjika kwa maneno madogo kuliko hayo, na watoto wale wanne ningewalea wapi?

Jumapili mdogo wangu akapiga simu. Hakusalimu. «Dada, ulijua?» Nikasema nilijua tangu wiki iliyopita. Akalia, akakata simu. Jioni akapiga tena, sauti imetulia, akauliza kama ni kweli na mimi ninao. Miaka yote hii nilikuwa nimemwambia mume wangu na mama tu. Nikamwambia ndiyo. Akasema: «Basi mimi kipofu wa nyumba mbili.» Halafu akauliza anakwenda kupimwa wapi.

Alipimwa kwenye kituo cha afya cha kambi, hana virusi. Akapewa chanjo ya kwanza siku hiyo hiyo, ya pili baada ya mwezi, na ya tatu baada ya miezi sita; zote tatu amezimaliza. Vidonge vya mumewe vimetoka kwenye unga, viko juu ya kabati pamoja na redio, na ni yeye anayemkumbusha kila wanaposikiliza habari za jioni. Shemeji mwenyewe ndiye aliyeniambia niandike haya, mradi nisitaje jina wala mtaa. Na mashini ya kushona inafanya kazi, ndiyo iliyoshona sare za shule za mwaka huu.

Damu yake ilipimwa tena mwezi wa nane. Mahali pa wingi wa virusi waliandika kwamba havionekani. Munganga alimweleza kwamba hiyo si kupona, karatasi ya kwenye kabati bado ipo, aendelee kumeza. Vitamini D hatukuipima tena.